Picha Iliyochorwa Upande wa Mivumo

Daw Yin Nwet hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata mvua ikinyesha alitoa kiganja nje kwanza. Wakimbizi wenzake pale Mae Sot, mji wa mpakani upande wa Thailand, walimcheka kwa hilo, naye aliwaacha wacheke, kwa kuwa wengi aliowajua waliokuwa wepesi wa kuamini walikuwa gerezani sasa, au chini ya udongo.

Jumapili ile jumuiya iliandaa maonyesho ya picha katika ukumbi ulio nyuma ya mkahawa wa chai. Saa nane picha zingepigwa mnada, na kitakachopatikana kingenunua maturubai na dawa za watu waliojificha msituni ng'ambo ya mto, upande wa Burma, ambao masika yaliwakuta hawana paa. Yin Nwet alikuwa kwenye masufuria tangu alfajiri, akipakua mohinga, ile supu nzito ya samaki na tambi ambayo bila yake Waburma hawakusanyiki. Mikono ilipakua, lakini macho yalikuwa kwa mchoraji mgeni.

Alijiita Ko Zin Yaw. Jina la bandia bila shaka, ila hilo halikuwa kosa. Nusu ya ukumbi ule waliishi kwa majina ya bandia, na Yin Nwet mwenyewe hakuzaliwa na hilo lake. Kilichomkera kilikuwa kingine. Kijana yule alikaa mgongo ukutani, uso mlangoni. Alimaliza bakuli kabla wenzake hawajatia pilipili. Na alipovua kandambili alizipanga sambamba, visigino ukutani, bila hata moja kupishana na mwenzake.

"Yule ni askari," alimnong'oneza Ma Ei Thwe, msimamizi wa maonyesho, aliyekuwa akisomea sanaa Yangon kabla ya mapinduzi ya jeshi.

"Shangazi nawe! Juzi ulisema muuza barafu ni mpelelezi."

"Muuza barafu anauliza mno."

"Anauliza unataka vipande vingapi!"

"Ndiyo hapo sasa. Anahesabu tuko wangapi."

Ei Thwe alicheka mpaka akashika meza. "Na huyu anauliza nini?"

"Huyu haulizi kitu. Ndiyo mbaya zaidi."

"Basi kwako mtu hana pa kuponea. Acha mwiko, twende ukaone picha yake. Ndiyo nzuri kuliko zote, nimeiweka iuzwe ya mwisho. Ukiiona utamwomba radhi."

Yin Nwet alijifuta mikono, akaenda. Askari hakuwa neno la mzaha kwake. Miaka miwili nyuma askari waliingia kijijini kwao, Kanhlagon, wakakitia moto, wakidai wanakijiji ni wa chama cha upinzani. Watu walikimbilia upande wa kijito, wakalala kifudifudi kwenye matete. Mumewe, U San Pwint, alikuwa mgema, na wiki ile alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akavunjika mguu. Alikataa kubebwa. "Nitawachelewesha," alisema, "na mimi nimechoka kubebwa kama gunia." Waliporudi walikuta majivu. Majirani walimwambia mjane kwamba mzee alikuwa usingizini, moshi ukamchukua taratibu. Yin Nwet, asiyeamini chochote, aliamua kuliamini hilo moja. Bila hilo asingepata usingizi.

Picha ilikuwa kubwa, imefika kifuani pa mtu. Kijiji kilikuwa kinaungua. Pagoda ndogo yenye kilele kilichopinda, kisima, nyumba kumi na nne za mianzi. Kanhlagon yake! Machozi yalimtoka palepale, na kwa muda mfupi alimpenda yule kijana kama mtoto wa kumzaa. Kumbe kuna mtu aliyekumbuka.

Kisha kitu kikamkwaza. Kisima kilikuwa kulia.

Aliyatazama tena yote, polepole. Kutoka kwenye matete ya kijito, walikojificha wanakijiji wote, kisima huwa kushoto na pagoda huwa kulia. Ili kisima kije kulia sharti usimame ng'ambo ya pili, juu ya kilima, penye ile miti mitatu ya mivumo, ambayo mumewe aliigema tembo maisha yake yote. Na siku ile penye mivumo walisimama askari peke yao.

"Shangazi? Umepauka."

Yin Nwet aliinama karibu zaidi na picha. Alikuwa amekwisha kuiona nyumba yake. Barazani, mdogo kama punje ya mchele, mtu ameketi, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda. Ameketi wima, wala hajalala.

Alimfuata Zin Yaw kule ukutani, akasimama mbele yake akimzibia mlango. Kijana aliinuka upesi, mikono ikashuka ubavuni yenyewe.

"Kanhlagon ulisimama wapi?"

Kijana alimtazama yule mama, akautazama mlango, na Yin Nwet aliona anapiga hesabu kama anaweza kumpita.

"Usithubutu," alisema. "Nikipiga ukelele mmoja tu humu ndani, hutafika barabarani mzima. Nimekuuliza ulisimama wapi."

"Kwenye mivumo, Shangazi."

"Nyumba yenye mzee barazani, nani aliiwasha?"

"Tulipewa amri..."

"Sikuuliza amri. Nauliza mkono."

"Wangu."

Ukumbi ulijaa vicheko na harufu ya vitunguu vya kukaanga, na Ei Thwe alikuwa akipigapiga kipaza sauti kuona kama kinafanya kazi. Yin Nwet alitaka kumkwaruza uso yule kijana. Alitaka pia anyamaze, asimwambie lolote tena. Lakini swali lilikuwa limeshamfika kooni.

"Alikuwa amelala?"

Alimwona anasita. Alijua kabisa kwamba kijana akitaka kumhurumia atasema ndiyo, na kwamba yeye Yin Nwet hatamwamini.

"Hapana. Alikuwa macho. Alinitazama nikipanda ngazi. Akaniambia, 'Fungua ng'ombe kwanza, wale hawana chama.' Nikakata kamba. Nikamwambia atoke, akanionyesha mguu." Alivitazama viganja vyake. "Ningeweza kumbeba, Shangazi. Mzee mwenyewe mwepesi. Kapteni alikuwa ananitazama, sikumbeba. Usiku ule nilitoroka, na tangu hapo nachora hiyo tu. Hiyo ni ya tisa."

Ng'ombe wale Yin Nwet aliwakuta kwenye shamba la ufuta, kamba zimekatwa kwa kisu. Kwa miaka miwili alimshuku jirani yake kuwa ndiye aliyekuja akaokoa ng'ombe akamwacha mtu, na hakumsalimu tena mpaka leo. Aibu ilimpata, na hasira juu ya aibu, na katikati ya vyote hivyo sauti ya San Pwint ilikuwa hai kabisa. Hawana chama! Nani mwingine angetoa utani mbele ya kiberiti?

Kipaza sauti kilikoroma. "Sasa ndugu zangu, picha ya mwisho," Ei Thwe alitangaza. "Mchoraji hapendi kusema, kwa hiyo..."

"Leo atasema," Yin Nwet aliitikia kutoka nyuma. Alimshika kijana kifundo cha mkono. "Nenda uwaambie ulisimama wapi. Picha haiuzwi kwa uongo."

"Wataniua."

"Huenda."

Alikwenda. Yin Nwet alimfuata hatua kwa hatua, bila kuachia ule mkono. Kijana alisema jina lake la kweli, cheo chake na kikosi chake, kisha akaonyesha kwa kidole pembeni ya picha, nje ya fremu. "Mivumo iko hapa. Mimi nilikuwa hapa, na kiberiti."

Benchi lilianguka. Mtu mmoja alimtukania kijana mama yake. Vijana watatu, wawili kati yao wamezika ndugu, walikuwa tayari wanapita katikati ya viti, na mmoja ameshika chupa shingoni.

Yin Nwet alisogea mbele ya kijana akasimama. 

"Rudini mkakae," alisema. "Mzee aliyemchoma ni mume wangu. Zamu ya kwanza ni yangu, na mimi sijaamua. Ei Thwe, anza mnada. Watu wananyeshewa kule msituni."