Nauli ya Kuja Tu

Watu wa mtaani walimwita Fundi Baridi, kwa sababu alitengeneza mafriji, na kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Mteja akimletea friji iliyozima na nyama imeozea ndani, yeye alijifunga kitambaa puani, akapiga magoti nyuma yake na kufungua skrubu moja moja, huku akiisemesha kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma ndimo alimolala. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na pazia tu, na tangu mke wake afariki lilikuwa halijafuliwa vizuri.

Mtoto alikuwa naye mmoja, binti, na huyo alikuwa ng'ambo, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, akawalisha, akawageuza kitandani wasitoke vidonda. Kila mwisho wa mwezi alimtumia baba yake pesa, kisha akapiga simu.

"Baba, zimefika?"

"Zimefika, mama." Alimwita mama kwa kuwa alikuwa amerithi jina la bibi yake.

"Haya, uzile. Usije ukaniletea ule ubahili wako."

"Nazila, mama. Paa nimeshabadilisha. Sasa hivi nimemwagiza seremala kitanda."

Paa lilikuwa lile lile, na kitanda hakikuwapo. Lakini uongo nao una utamu wake. Kila binti alipouliza, mzee alizidisha chumvi. Kitanda kikaota droo kwa chini. Kikapata mito miwili. Siku moja alijikuta akilalamika kwamba godoro lake jipya ni laini mno, linamuumiza mgongo, na binti akamshauri alalie ubavu.

Ukweli ni kwamba hakuwa amegusa hata senti. Zamani kidogo alimuuliza binti yake atakuja lini kumwona, naye akajibu, "Nikipata nauli, baba. Nauli ya huku inaua." Alisema kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango asiingie mbu, kisha akabadilisha mazungumzo. Neno lile lilimkaa mzee kifuani. Hakumwambia mtu. Alianza kuziacha pesa benki, zile zote zilizotumwa, na juu yake akatia alichopata kwenye mafriji. Alipita mara kwa mara kwenye ofisi ya tiketi kuuliza bei ya kwenda na kurudi, mpaka mwenye ofisi akamzoea na kumwekea kiti. Bei ile ilitajwa kwa pesa za kigeni, kwa hiyo kutoka pale alikwenda benki, akasimama mbele ya ubao wa kubadilishia fedha, akasoma namba na kupiga hesabu zake kwenye kiganja cha mkono.

Siku hesabu ilipotimia, na chenji ikabaki, alioga mchana kweupe, akavaa shati la kwendea misibani na kwenda kupanga foleni.

Dada wa dirishani alikuwa mpole. Alimuuliza jina la benki ya huko, akapiga kompyuta, akamwambia, "Kuna makato, mzee."

"Makato lazima yawepo," alisema Fundi Baridi kwa furaha, kama mtu anayeruhusu wageni waongezwe chakula. "Wewe tuma zote."

Akatia sahihi. Njiani kurudi alinunua sabuni ya unga, akalichomoa pazia na kulifua mwenyewe kwenye beseni. Lilitoka rangi ambayo alikuwa ameshaisahau.

Simu haikuja siku ile wala iliyofuata. Ilipokuja, binti alikuwa ananong'ona.

"Baba, uko salama? Kuna mtu amekuibia namba ya siri?"

"Kwa nini?"

"Kuna pesa zimeingia kwangu. Zinaonyesha zimetoka kwako."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Sijaibiwa, sijaibiwa! Hiyo ni nauli, mama. Likizo yako si mwezi ujao? Nenda ukate tiketi uje zako."

Alingoja kelele za furaha. Alisikia mashine fulani ikilia kwa mbali, na mtu mzima akiita kwa lugha asiyoijua.

"Baba," binti alisema, "nauli ya wapi?"

"Ya kuja na kurudi. Nimeuliza kila mwezi. Na chenji imo, ununue soda njiani."

Binti akamtajia kiasi kilichoingia. Mzee akamwambia arudie. Akarudia, polepole, na safari hii mzee aliandika kwa chaki kwenye ubavu wa friji aliyokuwa akiitengeneza. Akakitazama kile kiasi. Kilikuwa kama mtu aliyetoka hospitali; sura ni yake, lakini mwili umekwisha.

"Hiyo inatosha kuja," binti alisema. "Haitoshi kurudi. Na mimi nimetoka kulipia kibali cha kukaa huku, baba, sina hata akiba ya dawa ya mafua. Likizo ikipita hii, ni mpaka mwakani." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini wewe umezitoa wapi?"

Fundi Baridi aliiweka chaki juu ya friji. Angeweza kusema amepata kazi kubwa, amepewa mafriji ya hoteli nzima. Ulimi ulikataa.

"Ni zile zile zako," alisema.

"Zipi?"

"Zote."

"Na paa?"

Mzee akaanza kuifuta ile namba kwa kiganja.

"Na kitanda? Baba, na kile kitanda?"

"Mama, sikiliza..."

"Kila Jumapili nafanya zamu ya ziada," binti alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Nikichoka nasema moyoni, acha nichoke, mzee wangu analala pazuri. Kumbe nilikuwa nachokea kitanda cha hewa!"

Hapo ndipo neno lilipomfika Fundi Baridi mdomoni, zima, tayari kutoka. Njoo. Inatosha kuja, basi njoo tu, kurudi kuna nini? Wazee wa watu watapata wa kuwaogesha. Alilishika kwa meno. Alimjua binti yake. Angesema vile, angekuja kweli, na kazi ingekwisha, na baada ya miezi michache wangekuwa wawili wanaotazamana katika vyumba viwili visivyo na kazi ya kutosha hata mtu mmoja. Akalimeza. Lilishuka kwa shida.

"Ngoja nikurudishie hizi," binti alisema, akipenga kamasi.

"Usithubutu!" mzee alipiga kelele, na yeye mwenyewe akashtuka kwa sauti yake. "Zikirudi tena kwa njia ile, hapa itanifikia nauli ya kwenda sokoni!"

Halafu binti akacheka, kicheko chenye machozi ndani, na mzee naye akacheka, mpaka yule mtu wa huko akaita tena na simu ikabidi ikatwe.

Kesho yake alirudi benki, safari hii na nguo za kazi. Dada wa dirishani alimkumbuka.

"Mwanangu, pesa zangu zimekwenda wapi?"

Dada akageuza kompyuta ili mzee aone. Akamweleza taratibu. Binti anapotuma, benki inazinunua zile pesa za kigeni kwa bei ya chini. Yeye anapotaka kuzirudisha ng'ambo, benki inamuuzia zile zile kwa bei ya juu. Ubaoni kuna safu mbili, ya kununua na ya kuuzia. Mzee alikuwa akisoma ya kwanza. Juu ya hapo kuna ada ya kutuma. Kisha pesa haziendi moja kwa moja, zinapitia benki nyingine ya katikati, nayo inakata chake. Na ile ya mwisho inakata ya kupokelea.

"Hiyo ya katikati mimi siijui wala hainijui."

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Na wewe uliniambia kuna makato."

"Nilikwambia."

"Hukuniambia ni ya ukubwa huu."

"Hukuuliza, mzee." Alipokwisha kusema hivyo dada alitazama chini. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba zingewekwa tangu mwanzo kwenye akaunti ya pesa za kigeni, zisingebadilishwa mara mbili, na nyingi zingepona.

"Sikujua kama kuna la kuuliza," alisema Fundi Baridi. Hakugomba. Nyuma yake foleni ilikuwa inamsukuma kwa macho. Alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka nje na kusimama kwenye kivuli cha ukuta wa benki kwa muda mrefu bila kujua aelekee wapi.

Binti hakukata tiketi. Waliafikiana kwa simu kwamba zile pesa zibaki huko huko, na kwamba asitume tena; kitakachopatikana kitiwe kwenye nauli, mpaka mwakani. Na kwa kuwa hakuwa na wa kumtumia tena, aliiacha zamu ya Jumapili.

Jumapili ya kwanza alipiga simu ya video, mchana, akiwa amevaa kanga na nywele hazijachanwa.

"Nionyeshe nyumba," alisema. "Yote. Usiruke kitu."

Mzee alijivuta kidogo, kisha akasimama, akaishika simu mbele yake kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi. Akamwonyesha karakana, na mafriji yaliyokaa midomo wazi. Akamwonyesha dari, na sufuria ya chini yake inayokinga maji. Akafunua pazia. Kitanda kilikuwa kile kile cha chuma alichozaliwa juu yake binti, upande mmoja umeinuliwa kwa tofali. Upande wa ukutani mto wa marehemu ulikuwa bado umelazwa, haujasogezwa.

Picha ya binti ilisimama pale pale, macho kwenye mto. Mzee alifikiri mtandao umekwama.

"Sasa na mimi nikuonyeshe," hatimaye alisema.

Siku zote alimwambia anakaa kwenye nyumba yenye sebule na dirisha linalotazama bustani. Alizungusha simu, na mzunguko haukuchukua muda. Kitanda kiligusa mlango. Sufuria ilikuwa chini ya kitanda. Dirisha lilikuwapo, lilitazama ukuta.

"Bustani iko wapi, mama?"

"Iko pamoja na kitanda chako, baba."

Walikaa. Binti aliiegemeza simu mahali, akaanza kujisuka. Mzee aliiegemeza yake kwenye kompresa, akaendelea kusugua kutu ya friji iliyokuwa mbele yake. Hawakuongea mengi. Mara binti aliuliza hicho ni kifaa gani, mara mzee alimwambia msuko wa nyuma umepinda. Bando lilipokwisha, lilikwisha katikati ya neno, na alichokuwa akisema binti hakikufika.

Mzee aliitazama simu mpaka ikazima. Nje watu walipita wakienda kutembeleana. Alikaa kidogo, mikono magotini, kisha akaichomeka friji kwenye umeme. Mota ikanguruma, ikashika. Hakuizima. Aliiacha ingurume jioni nzima, ingawa haikuwa na kitu ndani.