Kisu Chenye Mkwaruzo

Verlin alipofariki, mkewe Lorna alimwita Dwight, rafiki wa marehemu, achague kumbukumbu kabatini. Mlijaa visu vya kukunja vyenye maumbo ya vyombo vya angani na roboti, ambavyo Verlin hakutaka viguswe.

Dwight alichukua kimoja chenye mkwaruzo.

“Hicho kibovu, shemeji. Chagua kizuri,” Lorna alisema.

“Hiki ndicho alichotumia kunimenyea matufaha nilipougua. Alikuja kila Jumamosi. Nilimwomba asimwambie mtu.”

Jumamosi hizo Verlin alimwambia Lorna kuwa anakwenda kwenye maonyesho ya visu, naye akirudi alimkuta amenuna kwa kuachwa peke yake. Lorna akavuta kiti, akammiminia Dwight chai.

“Keti, shemeji,” alisema taratibu. “Mlikuwa mkizungumza nini?”

Dwight akaketi, akamsimulia mpaka chai ikapoa.