Waya Kooni mwa Paiki

Hester Setchell alikuwa mfungashaji wa karoti kiwandani, mwanamke wa miaka arobaini na saba asiye na mume wala haraka, na ukimtoa mbwa wake hakukuwa na kitu alichokipenda kuliko kuvua paiki. Si kwa kula. Paiki wa Mfereji wa Cotter hawaliwi. Wanavuliwa, wanatazamwa, kisha wanarudishwa majini wakaendelee na mambo yao. Ni samaki mrefu wa kijani, mdomo bapa, meno kama msumeno hadi kwenye ulimi, na ukimwona mara ya kwanza utadhani hakuna kinachoweza kumdhuru. Kumbe ni mwepesi wa kufa. Mweke nchi kavu dakika chache tu, au mshike vibaya, ataondoka zake vizuri mbele ya macho yako, kesho umkute anaelea tumbo juu.

Aliyemfundisha hayo ni Wilf Pateman, mzee wa miaka sabini na minne, msimamizi wa maji ya klabu yao ya uvuvi. Siku ya kwanza walipokutana, miaka sita nyuma, Hester alikuwa amemlaza paiki wake wa kwanza kwenye majani, naye anapekua begi kutafuta simu.

"Unafanya nini?" Wilf alimuuliza.

"Nataka kumpiga picha."

"Na yeye anataka kupumua. Nani atangulie?"

Hakungoja jibu. Alitandika mkeka wake wa sponji, akaumwagia maji, akamhamishia samaki pale. Akapiga magoti, miguu huku na huku kama mtu aliyepanda farasi, akateleza vidole viwili chini ya kifuniko cha shavu, pembeni kabisa, mbali na matamvua mekundu. Akainua kichwa kidogo na mdomo ukafunguka wenyewe. Koleo refu likaingia, likageuza ndoana mara moja, likatoka nayo. Akambeba kwa mikono miwili, mmoja kidevuni, mmoja tumboni, akamshusha majini na kumshikilia wima.

"Usimsukume," alisema. "Akiwa tayari atakuaga mwenyewe."

Tangu siku hiyo Hester hakuwahi kumuua paiki hata mmoja, na alijua anamshukuru nani.

Wilf hakuwa na masihara katika jambo hilo. Novemba iliyopita alimkuta paiki mkubwa amekufa karibu na daraja, mahali ambapo ndugu wawili, Clive na Rodney Bycroft, walizoea kukaa. Kwenye mkutano wa klabu alisimama akaeleza kwamba mtu alishindwa kutoa ndoana, akakata mshipi, akamwacha samaki na ndoana za ncha tatu kooni, pamoja na kile kipande cha waya kinachofungwa juu ya ndoana ili meno yasikate mshipi. "Nimeona kwa macho yangu," alisema. Clive alijibu kwamba hajakata waya maishani mwake, na kwamba amevua mfereji ule tangu ana miaka saba. Hakuna aliyemsikiliza. Kura ilipigwa, ndugu wale wakanyang'anywa kadi zao za uanachama. Mkono wa Hester ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Sasa ilikuwa Januari, Jumamosi asubuhi. Jalidi ilikuwa imeganda juu ya mashamba meusi pande zote mbili, tambarare hadi upeo wa macho, na moshi wa kiwanda cha sukari ulikuwa umesimama wima kwa kukosa upepo. Hester na Wilf walikuwa wamekaa kwenye ukingo mmoja, kama hatua hamsini kati yao. Wilf siku hizi alipenda nafasi zaidi. Alisema Hester anapiga kelele anapotafuna.

Saa nne boya la Hester lilizama. Hester akakaza mshipi, akasikia uzito, akasimama. Paiki alipigana kidogo tu kisha akaja, jambo lililomshangaza kwa samaki mwenye urefu ule. Alipomwingiza wavuni na kumleta kwenye mkeka uliolowa, aliona sababu. Alikuwa mrefu kama mguu wake lakini tumbo limebonyea, mgongo umechongoka.

Ndoana ya Hester ilikuwa pembeni mwa taya, mahali pazuri, kazi ya sekunde tano. Aliingiza vidole chini ya shavu, akainua. Mdomo ukafunguka.

Kulikuwa na waya mwingine mle ndani.

Ulitoka kooni, mweusi kwa kutu, ukakomea kwenye ulimi, ncha yake imekatwa sawasawa. Nyama ya koo ilikuwa imevimba kuuzunguka.  

"Tulia," alijiambia. "Tulia wewe kwanza."

Alitoa ndoana yake. Kisha akapitisha koleo taratibu kwenye mwanya wa matamvua, kama Wilf alivyomwonyesha, bila kuyagusa, akaishika ile ndoana ya zamani kwa chini na kuipindua. Ilikuwa laini kwa kutu. Ikaachia, ikatoka na waya wake na harufu mbaya. Hakumpima kwa muda mrefu. Alimweka kwenye mfuko wa mizani, akasoma ratili kumi na saba, akamrudisha majini na kumshikilia kwa shina la mkia mpaka vidole vyake vikafa ganzi. Paiki alifungua mdomo, akafunga, akafungua. Baada ya muda mrefu alipiga mkia mara moja na kuzama.

Hapo ndipo Hester alipoutazama ule waya.

Kwenye kiungo cha ndoana kulikuwa na uzi wa kijani, umezungushwa kwa ustadi, na juu yake tone la rangi ya kucha, nyekundu. Katika klabu nzima ni mtu mmoja tu aliyemalizia nyaya zake hivyo. Wilf alitumia kichupa alichoacha marehemu mkewe, Doreen, na alisema rangi ile inashinda gundi yoyote. Alimpa Hester nyaya sita kama hizo wakati wa Krismasi ya mwaka juzi.

Hester alifungua sanduku lake akiwa anaomba uwe wake. Akahesabu. Zilikuwa sita.

Alikaa pale amepiga magoti, waya kiganjani, asiweze kufikiri. Alichokiona na alichokijua vilikataa kukaa pamoja kichwani. Wilf kukata mshipi? Angeambiwa kwamba padri wa kijiji ameiba kengele ya kanisa, angeamini upesi zaidi.

Akautia waya mfukoni, akainuka, akatembea kumwendea Wilf.

Alipokuwa katikati ya njia, fimbo ya kuvulia ya Wilf ilipinda. Mzee akamvuta samaki wake, akamtia wavuni, kisha akamwona Hester anakuja.

"Kaa hukohuko, binti," alisema. "Ni kadogo haka. Namalizana nako."

Akamgeuzia mgongo. Hester hakusimama. Alimwona Wilf akipiga magoti, akamwona akiingiza mkono chini ya shavu la samaki, mkono ukiteleza. Akarudia. Koleo lilimdondoka, akaliokota kwa viganja viwili kama mtu aliyevaa glavu nene, likamdondoka tena. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Samaki alikuwa akipiga mkia kwenye mkeka, na dakika zilikuwa zinakwenda. Wilf alitia mkono kwenye koti, akatoa mkasi.

"Wilf."

Mzee hakugeuka. Mkasi ulikuwa tayari kwenye mshipi. Hester alimshika kifundo cha mkono, na mkono ule ulikuwa baridi kama wa maiti. Alimsogeza kwa bega, akachukua nafasi yake, akainua kichwa cha samaki, akatoa ndoana, akamrudisha. Samaki aliondoka haraka kwa hasira. Wala hakuwa kadogo.

Kisha Hester akautoa ule waya mfukoni.

"Huu ni wako."

Wilf aliutazama kwa muda. "Ulikuwa wapi?"

"Kooni mwa samaki wa ratili kumi na saba. Kwa urefu wake alitakiwa awe na ishirini na tatu."

"Yu hai?"

"Ameondoka mwenyewe."

Mzee akafumba macho. Alikaa chini kwenye jalidi, polepole, kama gunia linaloteremshwa.

"Tangu lini?" Hester aliuliza.

"Msimu uliopita. Miaka thelathini nilishika mashine ya kuvunja barabara ikinitikisa mikono, sasa inanidai. Kukiwa na joto naweza. Kukiwa na baridi, vidole havipo. Navitazama, vinanitazama."

"Ungeniita. Niko hapo tu."

"Nikuite niseme nini? Njoo unifunge na vifungo vya suruali?"

Hester hakucheka. Kulikuwa na jambo linakuja, aliliona linavyokuja, na alitamani lisifike.

"Na yule wa Novemba?" aliuliza. "Yule wa darajani?"

Wilf aliendelea kuvitazama vidole vyake.

"Wilf. Wa darajani."

"Mwanzoni sikuwa na hakika ni wangu."

"Halafu?"

"Halafu nikautoa waya kabla hamjafika. Nikautia mfukoni."

Hester akakaa chini karibu naye. Ndoana kooni angeweza kuzielewa, zilikuwa kosa la mikono. Hili lilikuwa kosa la mtu mwenyewe. Akilini alimwona Clive Bycroft amesimama kwenye chumba cha nyuma cha baa, kofia mkononi, masikio mekundu, akisema hajakata waya maishani. Na akauona mkono wake mwenyewe unainuka.

"Ulikaa pale ukatutazama tukipiga kura," alisema.

"Nilikaa."

"Niliinua mkono kwa sababu ni wewe. Hata sikufikiri."

"Najua, binti."

"Usiniite binti."

 Mwishowe Hester alisimama na kujipangusa magoti.

"Jumanne ni mkutano. Utasema wewe, au nitasema mimi."

"Unanitishia?"

"Nakuarifu."

Jumanne Wilf alisimama akasema. Hakujitetea, wala mikono yake hakuitaja mpaka alipoulizwa. Mtu mmoja nyuma alidhani ni mzaha, akamwambia, "Kaa chini Wilf, umeshiba bia," kisha akaona glasi yake bado imejaa.  Mweka hazina alikuwa ameshika kalamu na haandiki. Wilf alibandua beji ya usimamizi kwenye koti. Pini ilimshinda, na watu kumi na tisa wakakaa wakimtazama akihangaika nayo, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Klabu ilimsimamisha msimu mzima. Kadi za ndugu wa Bycroft zikarejeshwa usiku huohuo.

Kesho yake Hester alimpeleka Wilf kwa gari hadi kwa Clive. Yeye mwenyewe alibaki ndani ya gari, kioo kikiwa chini, Wilf akaenda kubisha. Clive alifungua mlango, akasikiliza hadi mwisho, akaitazama kadi aliyopewa.

"Mama yangu alikufa Desemba," alisema. "Alikufa akijua nimefukuzwa klabuni."

Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Kisha akaufungua tena. "Na yule mama kwenye gari naye aliinua mkono. Namkumbuka."

Hester alishuka, akasema pole yake pale barabarani. Haikubadilisha kitu, lakini aliisema.

Rodney alirudi kuvua mwezi wa Februari. Clive hakurudi kamwe.

Hester na Wilf hawakuzungumza kwa wiki sita. Wiki ya mwisho kabla msimu haujafungwa, Hester alikamata paiki wa ratili tisa, akamlaza, akamfungua, akamrudisha, na mikono yake ilifanya yote bila kumuuliza. Alibaki ameinama juu ya maji akiwaza kwamba kila alichofanya pale alifundishwa na mtu yule, na kwamba yote yalikuwa ya kweli. Hakujua aweke wapi wazo hilo.

Jioni alipitia kwa Wilf, akasimama mlangoni.

"Kesho wanasema kutakuwa na jua."

"Sina kadi," Wilf alisema.

"Kukaa ukingoni hakuhitaji kadi."

Mzee alimtazama. "Umenisamehe?"

"Bado sijui," Hester alisema. "Nakuja saa mbili. Vaa glavu."