Fungu Kubwa Halina Mwenyewe

Sipimi mtu kwa futi. Ninayo, lakini mwaka juzi niliandika vipimo vya kina mama wa korali kwenye daftari, Mama Annuarite, kiongozi wetu, akalisoma kwa sauti, na Jumapili ile nusu ya waimbaji hawakusalimiana. Tangu hapo natumia kamba. Naizungusha kwenye nyonga, naikata, nafunga fundo la kiuno na fundo la kifua. Nikishakata kitenge, vipande vya kila mama navifunga kwa kamba yake mwenyewe na kupanga mafungu mezani kwa mfuatano ninaoujua mimi. Hakuna namba, hakuna vita.

Alhamisi ile mafungu yalikuwa kumi na mawili, kitenge cha kijani chenye miavuli ya manjano. Jumamosi, Sabine, binti wa jirani yangu Antoinette, alikuwa anaolewa mjini, Kawale. Familia ya bwana harusi inakaa Area 18, na ina mashangazi wasiohesabika. Antoinette alikimbia vita Fizi na mtoto mmoja mgongoni. Hapa Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, hana dada, hana shemeji, hana hata binamu wa kuazima.

"Bale batakuja bantu makumi tatu," aliniambia. "Upande yangu kutakuwa benchi tupu. Mutoto ataingia kanisani kama mutu bila kwao."

Korali ikaamua. Sisi kumi na mmoja tutavaa nguo moja na Antoinette na kukaa upande wake. Kwetu harusini, anayevaa kitenge cha familia ni familia. Basi nilikuwa na siku mbili za kumshonea Antoinette ukoo.

Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, uani palikuwa na makelele. Binti yangu Charlène, mwenye miaka saba, alikuwa anaruka kamba, wawili wanazungusha, mtaa mzima wa watoto unahesabu. Walikuwa wamefika arobaini na sita. Kamba ilikuwa nzuri, nene, yenye mafundo mengi.

Nikayatambua mafundo yangu.

Ndani, mafungu yote yalikuwa yamekunjwa vizuri na kupandishwa moja juu ya jingine kama vitabu.

"Sikubichanganya, mama," alisema Charlène. "Nilibipanga tu, kubwa chini, kidogo juu."

"Na kamba?"

"Kamba zilikuwa zinakaa bure."

Nilitamani kupiga kelele, lakini kelele haishoni. Nikamtuma akaite korali na Antoinette.

Walifika wote saa tisa. Kwanza nilichukua fungu langu, la wastani, lenye kiuno cha heshima, nikaliweka juu ya cherehani. Kisha nikatangaza kwamba nitatumia futi. Wakakataa kwa sauti nne, kama wimbo. Basi ikawa kila mmoja azungushiwe vipande mpaka apate vyake.

Rosette alirukia fungu dogo kuliko yote. "Njo yangu hii!"

"Rosette, hiyo haipiti hata goti," nikamwambia.

"Nilipunguka!"

"Toka lini?"

"Toka juzi! Nilikuwa na malaria!"

"Malaria inapunguza mafuta, haipunguzi mifupa. Weka chini."

Tukaendelea hivyo, wakivutana, wakinyonya matumbo ndani mpaka macho yanatoka. Mmoja mmoja wakapata. Mwishowe likabaki fungu moja. Nikalikunjua. Lilikuwa pana. Miavuli ilikuwa inaendelea tu.

"Hii iko ya nani?" nikauliza.

Macho yote yakamgeukia Mama Annuarite, ambaye hakuwa amepata bado.

"Munaniangalia nini?"

"Mama Annuarite, tusipoteze wakati," nikasema. "Nyonga ni nyonga. Mungu ndiye aliyezigawa."

Akakichukua kitambaa, akajizungushia. Kilimzunguka, kikapita, kikaanza safari ya pili. Akakiacha kianguke.

"Sasa leta ile iko juu ya masini."

"Ile ni yangu."

"Leta."

Ilimkaa kama ameoga nayo. Kiuno mahali pa kiuno, kifua mahali pa kifua.

Antoinette, ambaye ndiye aliyenipima mimi, alikuwa anaangalia dari. "Mama Charlène," alisema polepole, "siku ile kamba ilitaka kuisha. Niliogopa kukuambia."

"Na diploma yako yote ile ya kushona," alisema Mama Annuarite, "hakuna siku walikufundisha kugeuka nyuma?"

Rosette alikaa chini kabisa, sakafuni, akiupiga mkeka makofi kwa kicheko. Mimi nilishikilia cherehani, kisha cherehani na mimi tukaanza kutikisika pamoja. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Miaka yote hii nimezunguka migongo ya watu, wangu sijawahi kuuona.

Nilipoanza kushona, wao walitoka nje, uani. Nikasikia watoto wanahesabu tena, kisha kishindo, kisha vumbi likaingia dirishani. Mama Annuarite aliruka kamba mara kumi na moja. Kandambili yake moja ilitua kwenye paa la Antoinette, na iko huko hadi leo. Ijumaa wote walirudi: huyu anakata nyuzi, huyu anapiga pasi, huyu anaimba vibaya makusudi. Gauni la mwisho liliisha saa kumi na moja jioni. Lilikuwa langu, na lilikula uzi mwingi.

Jumamosi, Kawale, mashangazi wa Area 18 walijaza upande wao mpaka mlangoni. Sisi tukajaza wetu. Mmoja wao alinyoosha shingo na kuuliza, "Mashangazi wa bibi harusi wako wapi?"

Tukasimama kumi na mmoja, kijani kitupu. Akakaa.

Antoinette alimleta Sabine hadi mbele, akamwachia mkono, akageuka kuja kukaa. Akatembea kando ya benchi letu, akatazama mwanzo, akatazama mwisho. Hapakuwa na nafasi hata ya mkono.

"Na mi nikae wapi?" aliuliza, kwa sauti, kanisani.

Tulijaribu kusogea. Hakuna aliyesogea hata kidogo. Antoinette akaanza kucheka, ameshika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, na mchungaji akafunga kitabu na kungoja.