Nafasi ya Mkalimani

Mokeira alikuwa akikoroga uji kwa mkono mmoja na kufunua Biblia kwa mwingine. Biblia zenyewe zilikuwa mbili: ya Kiingereza, na ya Ekegusii, lugha ya kwao, iliyokwisha kupoteza jalada. Kila Jumapili kabla ya kutoka alipitia somo la siku katika zote mbili, kwa sababu Pasta Eric hakuwa mtu wa kukuambia mapema atahubiri nini. Alikuwa akituma mstari kwa WhatsApp saa kumi na mbili asubuhi, basi. Leo hakutuma hata huo mstari.

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke huyu ambaye Jumatatu hadi Jumamosi huchuma chai hadi vidole vinakuwa vyeusi, ndiye aliyesimama kando ya mhubiri katika kanisa lao la Manga. Mhubiri anasema sentensi kwa Kiingereza, ananyamaza. Mokeira anaisema kwa Ekegusii. Kina mama wanaitikia amina. Hakulipwa, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba anafaa kulipwa.

Tena si kazi rahisi kama watu wanavyodhani. Pasta Eric alirithi mimbari kwa baba yake miaka tisa iliyopita, na tangu zije kamera mahubiri yake yamebadilika. Mwezi uliopita alisema, "Mungu ana-apload baraka zako, wewe ngoja tu netiweki." Mokeira alifikiri kidogo, akawaambia kina mama kwamba Mungu amekwisha kutuma mzigo wao, wavumilie, barabara ni mbovu. Amina iliyoitikiwa siku hiyo ilitingisha mabati. Pasta alidhani ni yake.

Asubuhi hii Mokeira alimpitia jirani yake Nyakerario, mjane wa miaka themanini na kitu, wakapanda mlima polepole, mzee ameshika fimbo na mfuko wa nailoni wenye kitambaa cha kufuta viatu. Kiswahili cha Nyakerario kinaishia kwenye "asante" na "bei gani". Kiingereza hana habari nacho. Lakini neno la Mungu analifuata vizuri, na akifika nyumbani anaweza kukurudishia mahubiri yote, pamoja na mahali ambapo pasta alikohoa.

Ndani ya kanisa, kijana wa kamera aliyeitwa Masese alikuwa akibandika utepe mweupe jukwaani. Utepe huo ndio unaoonyesha kila mtu asimame wapi ili kamera imshike. Wa Mokeira ulikuwa karibu na wa pasta zamani. Mwaka jana ukasogezwa hatua tatu. Mwezi wa pili ukashushwa chini ya jukwaa, kando ya spika. Leo Mokeira aliutafuta hata huko, asiuone.

"Masese, mimi nasimama wapi?"

"Pasta anakuita ofisini, auntie," alisema Masese, akainamia nyaya zake.

Pasta Eric alikuwa amevaa koti fupi na raba nyeupe. Mokeira ndiye aliyemfundisha mstari wake wa kwanza wa Biblia, akiwa mtoto wa shule ya Jumapili mwenye kamasi. Pasta alimvutia kiti.

"Mama Haron, wewe ni mzazi wangu, sitakuzungusha. Watu wetu walioko ng'ambo, Minnesota, wanatutazama laivu. Wao ndio wametusaidia kwa hii skrini. Lakini ikifika dakika ya nane, wanatoka. Wanasema kila kitu kinasemwa mara mbili."

"Na hawa walio hapa ndani?"

"Tumewapangia ibada yao. Kwa Ekegusii tupu, Alhamisi saa nane."

"Alhamisi saa nane watu wako kwa kituo cha chai, wanangoja majani yapimwe. Hata wewe unajua."

"Tutaona vile tutafanya."

"Umewaambia?"

"Natangaza leo. Utatafsiri hilo tangazo, halafu upumzike. Umefanya kazi kubwa, mama."

Mokeira alitaka kumwambia kwamba kamera yenyewe ilinunuliwa kwa bonasi ya chai ya wale wale kina mama, na kwamba kuna watu pale ambao neno hawalipati popote pengine. Badala yake akasema sawa. Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni jinsi ile "sawa" ilivyomtoka haraka.

Baada ya nyimbo, pasta alimwita.

"Kanisa, tunaingia msimu mpya," alisema kwa Kiingereza, akanyamaza.

Mokeira alitafsiri. Kina mama walisema amina.

"Tunawapenda sana wazazi wetu."

Alitafsiri. Amina.

"Kwa hivyo kuanzia leo, ibada ya Jumapili haitakuwa na mkalimani. Wazazi watakuja Alhamisi saa nane."

Angeweza kuilainisha. Alijua namna tatu au nne za kuilainisha, na zote zilimjia mdomoni. Lakini kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuwadanganya, akaisema jinsi ilivyo. Kina mama wakaitikia amina. Waliitikia kwa mazoea, kwa sababu kila kilichopita katika kinywa chake walikiitikia hivyo. Alirudisha maiki, akaenda kuketi kando ya Nyakerario.

Mahubiri yakaanza. Pasta alisema sentensi ya kwanza, akanyamaza. Hakukuwa na wa kuijaza ile nafasi. Akaendelea na ya pili, akanyamaza tena. Miaka tisa ya kungojea mkalimani haimtoki mtu kwa tangazo moja.

Nyakerario alimgusa goti. "Amesema nini?"

Mokeira alitazama mbele.

"Mokeira. Amesema nini?"

Akamwambia, kwa sauti ya chini. Bibi wa benchi la mbele yao akageuza shingo, naye akaambiwa. Sentensi iliyofuata ilitembea mabenchi manne, mdomo hadi sikio, na amina yake ikafika kwa kuchelewa.

Masese alikuja ameinama. "Auntie, maiki zinashika hiyo sauti. Watu wa laivu wanauliza ni nini."

"Waambie ni ibada."

Masese akaenda kunong'ona na shemasi Sylvanus, mzee mpole ambaye hapendi kutumwa mambo kama haya. Sylvanus akaja akikunja kofia mkononi. "Kina mama, naombeni. Kama ni lazima mzungumze, hema la watoto liko wazi huko nje. Na spika iko ukutani, mtasikia kila kitu."

Nyakerario ndiye aliyesimama kwanza. Alichukua fimbo na mfuko wake. Nyuma yake walisimama wengine, mmoja mmoja, hadi ishirini na tatu. Mabenchi matatu ya mbele yakabaki matupu, na Masese akalazimika kuisogeza kamera karibu na uso wa pasta ili yasionekane.

Kwenye hema waliketi juu ya viti vidogo vya plastiki vya shule ya Jumapili, magoti yakiwafikia kifuani. Mokeira alisimama chini ya spika. Sauti ya pasta ilitoka huko juu, kubwa kuliko ya ndani.

"Mbele za Mungu hakuna mtu ako oflaini."

Halafu akanyamaza, kama kawaida yake.

Kina mama walimtazama Mokeira. Alichukua muda mrefu kidogo kuliko alivyozoea.

"Anasema," akawaambia, "mbele za Mungu hakuna mtu wa kutolewa nje."

Hakuna aliyesema amina. Nyakerario alisogeza kiti chake kidogo mbele, akaweka fimbo chini.

"Endelea," alisema. "Tunasikia."