Kuku wa Pete ya Bluu

Mtunza mabanda wa idara ya tabia za wanyama hakuwa na kawaida ya kusoma karatasi za wanafunzi. Kazi yake ilikuwa kinyesi, maji na pumba. Lakini Ijumaa ile, alipokusanya karatasi za wiki ili azipeleke ofisini, macho yaliangukia jina la mpwa wake, akasoma.

Mhadhiri, ambaye wote walimwita Daktari, alikuwa na nafasi moja ya mwanafunzi wa kushiriki utafiti wake likizo nzima. Walioitaka walikuwa sita. Kila mmoja alipewa kizimba cha kuku wanane wenye pete za rangi mguuni, akae nje ya wavu kwa saa mbili kila asubuhi na kuandika kila baada ya dakika tano: nani anakula, nani anadonoa mwenzake, nani anajigaragaza vumbini. Mtunza mabanda ndiye aliyemsukuma mpwa wake aombe. Ukoo mzima haukuwa na mwingine aliyefika chuo.

Sasa karatasi ilisema kwamba Alhamisi kuku wa pete ya bluu alimdonoa mwenye nyekundu mara tatu, kisha akajigaragaza vumbini.

Kuku huyo alikufa Jumanne alfajiri. Mtunza mabanda mwenyewe alimwokota, tumbo limevimba, nzi wameshajaa machoni. Alimvua pete, akamchoma moto nyuma ya stoo, akaandika kwenye daftari la vifo linaloning'inia mlangoni, ambalo kila mwanafunzi alitakiwa kulisoma kabla ya kuingia. Harufu ile ilimkaa puani siku mbili. Hii ya karatasi ilimchefua zaidi.

Akamwita mpwa wake, binti wa dada yake, nyuma ya stoo, akamwuliza alikuwa wapi tangu Jumanne. Binti hakuficha. Alikuwa bwenini, akijaza karatasi kitandani. Wote wanajaza, alisema, na Daktari anapenda karatasi isiyo na mapengo.

"Mjomba, si uchukue kuku mwingine umvike hiyo pete? Kuku ni kuku."

Alisema hivyo huku akijifuta vumbi kiatuni. Mtunza mabanda alitema mate pembeni. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni.

"Nenda kamwambie Daktari wewe mwenyewe," alisema. "Usipokwenda, nakwenda mimi."

Binti alicheka kidogo, akidhani mjomba anatishia nyau. Hakwenda.

Kwa hiyo mtunza mabanda aliingia ofisini na karatasi mkono mmoja, daftari mkono mwingine, binti akimfuata mbio. Daktari alikuwa ameshaamua: karatasi za wiki ya kwanza za binti zilikuwa safi kuliko zote, na barua ya kumpa nafasi ilikuwa mezani ikisubiri sahihi. Akasikiliza, akalitazama daftari, akakuna kidevu. Kisha akauliza kwa upole kama mzee hakuchanganya siku. Pengine kuku alikufa leo, Ijumaa. Kalamu hii hapa, ni neno moja tu la kurekebisha.

Mtunza mabanda aliitazama ile kalamu kama mtu aliyepewa funza ashike.

"Mimi niliishia darasa la sita, Daktari. Lakini Jumanne naijua. Ukitaka Ijumaa, andika kwa mkono wako, uweke na jina lako."

Daktari hakuandika. Aliirudisha kalamu mfukoni, akaichana barua vipande viwili bila kumtazama mtu, akasema atazipitia karatasi zote upya, hata za wale watano.

Nje binti alilia, si kwa aibu bali kwa hasira. Alisema mjomba amemwua, tena kwa ajili ya kuku. Kisha akauliza mama yake ataambiwa nini.

"Dada yangu utamwambia wewe. Mimi nitakuwa nimekaa pale pale, nasikiliza kama utamwambia Jumanne au Ijumaa."

Akachukua reki, akaingia kizimbani. Mikono ilikuwa safi, lakini alitamani kunawa.