Mgane wa Mella

...mgane, mstari wa saba kutoka juu, wino umegeuka rangi ya chai lakini neno halijafifia, ni Kilatini cha padri mzungu na miaka yangu miwili ya seminari inatosha kulitafsiri, mgane, mwanamume aliyefiwa na mkewe, Yohana Mukhwana mwana wa Mangeni, mzaliwa wa Masaba, zamani mpagazi wa vita, anamwoa Agwang hapa Mella, Februari 1921... kidole kimekwama hapo, na Resty, karani wa parokia, anatikisa funguo mlangoni, "Mzee, umepata? Hii kitabu iko mzee kushinda askofu, usiipumulie sana, itakufia mikononi," nami naitikia kwa kichwa, nimepata, nilikuja kutafuta jina la ubatizo la baba wa babu yangu, jina moja tu la kuandika kwenye kaburi lake, na jina lipo, Yohana, kwa mwandiko mzuri, laiti mstari ungeishia hapo... simu inatetema mfukoni, ni shangazi Benedeta, amesimama Masaba penye kaburi, fundi ameshika msumari, saruji haingoji, lakini mgane kwa kifo cha nani, mkewe alikuwa Taaka, na Taaka mwaka ule alikuwa hai, aliishi miaka thelathini zaidi, shangazi alilala naye kitanda kimoja utotoni, akasimuliwa jinsi vita vilivyokwisha na yeye bado anangoja, hata Pasaka ya 1921 ikaletwa habari kwamba mumewe alikufa kwa kuhara damu chini ya mizigo ya jeshi, wazee wakachuma tunda la mwegea, refu kama mkono wa mtu, maana maiti haikuwapo, wakalivika shuka, wakalilaza kaburini, wakamwambia mlilie, akalilia, akanyolewa kichwa, akalala chini siku tatu kwa ajili ya tunda, na mwanawe wa pekee, ndiye babu yangu, miaka saba, akaamriwa kutupa udongo wa kwanza... nami nilipozaliwa nililia mpaka wakayataja majina ya wafu mmoja mmoja, nikanyamaza kwa Mukhwana, tangu hapo shangazi haniiti mwanangu, ananiita babu, heshima niliyoivaa miaka hamsini kama koti la marehemu, naye marehemu yuko hapa, mwendo wa siku moja kwa miguu, si bahari, si jangwa, honi za malori ya Malaba nazisikia nikiwa kitini... "Mzee, mimi nafunga saa saba, nakwenda kula, wafu hawana haraka," dakika moja, mama, dakika moja tu, huenda padri alikosea, huenda ni Mukhwana mwingine, nashuka kwa mashahidi nikiomba nisimjue yeyote, wa kwanza simjui, wa pili Osinya mwana wa Mangeni, ndugu wa bwana arusi, alama ya dole gumba... Osinya, ndiye aliyeileta ile habari, alirudi Masaba amejipaka majivu, akasema nilimfumba macho mimi mwenyewe, na mavuno yalipopita akamrithi Taaka pamoja na shamba la bondeni, kama ada inavyomruhusu ndugu wa marehemu, dole gumba hili, duara ndani ya duara, lilishuhudia hapa kwamba mke amekufa, kisha likaenda kumpangusa mke machozi ya mume, ndugu wawili waligawana kifo kama wanavyogawana mbuzi, mmoja akaondoka na uhuru, mmoja na mjane, na mwanamke akabaki na tunda... nafunua mbele, nafunua nyuma, Taaka hayumo, hakubatizwa, hakuandikwa, mahali pekee alipopitia katika vitabu vyote hivi ni neno hili moja linalosema amekufa, na hata hapo hakutajwa jina, kaburi lake liko ubavuni mwa lile la tunda, mawe matatu na nyasi, jana tulipopima saruji tulilikwepa, mimi ndiye niliyeshika kamba... napokea simu, "Babu! Ulipata jina? Fundi nasema simenti nakauka, sisi tuandike ama tuache?" miaka themanini na mitano na sauti yake imechangamka kama ya mtu aliyesikia mgeni anabisha hodi, nikimwambia kweli namuua bibi yake mara ya pili, nisipomwambia, dole gumba la Osinya nimelichovya wino upya... "Babu, uko?" niko, shangazi, niko, kidole bado kiko kwenye mstari wa saba, funguo bado zinalia mlangoni, Yohana yuko tayari kwenye ulimi, jina zuri, jina la kitabuni, nami nalimeza, nafungua kinywa, Taaka, mwambie fundi aandike Taaka...